KUOZA SI KUPOTEA

Methali yasema, "Samaki mmoja akioza, huoza wote." Kwa hiyo watu wengi hudhani kuwa kuoza ni uharibifu mtupu. Lakini mkulima akitazama vema shamba lake ataona kuwa pasipo kuoza hapana mavuno. Jambo hili latupasa kulijua sisi wa Ihanda, na watu wote wa Mbozi, maana tu wakulima wa kahawa, na kila mwaka mavuno hutuachia chungu za maganda.

Kwanza tujue kuoza ni nini. Jani lililoanguka haliozi lenyewe, bali huliwa. Walao ni mchwa, nyungunyungu, kuvu, na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Uyoga tuuokotao mvua zikianza ni tunda tu la kuvu. Mwili wake ni nyuzi nyembamba zilizotambaa ndani ya gogo au udongo. Tena wako mchwa walimao kuvu katika vichuguu vyao, na uyoga mkubwa uotao juu ya kichuguu hutoka katika shamba lao hilo. Walaji hao wote huvunjavunja kitu kilichokufa, na rutuba iliyokuwamo hurudi udongoni, mizizi ikaitwaa tena. Kama wasingalikuwapo, majani ya miaka yote yangalirundikana, na udongo ungalikuwa maskini.

Sasa tuangalie majini. Ule utando wa kijani ulio juu ya mawe ya kijito na katika vidimbwi ni mwani, wa jamaa moja na mwani ulimwao Unguja na Pemba, ila wa kwetu mwingi ni mdogo mno. Mwani hauna ua wala mbegu, lakini hufanya kazi ile ile ya majani ya mahindi: kwa nguvu ya jua hujifanyia chakula, na hutoa oksijeni, yaani hewa tuivutayo ili tuishi. Wataalamu hukadiria kuwa karibu nusu ya kazi hiyo duniani hufanywa na viumbe vidogo vya baharini. Perege hula mwani, nasi twala perege. Basi mwani huanzisha chakula majini, na waozeshaji hurudisha mabaki ili kitumike tena.

Kila mmoja akikaa kwa kiasi chake, mambo huwa mema. Taabu huanza sisi tunapomwaga maganda kijitoni. Katika kila kilo 100 za kahawa mbivu, karibu kilo 40 ni maganda, nayo yana sukari nyingi. Vijidudu viozeshavyo huyashambulia na kuzaana upesi, vikimaliza oksijeni iliyomo majini. Ndipo samaki huja juu wakitweta, kisha hufa. Rutuba iliyobaki huulisha mwani mahali maji yanapotuama, ukastawi kupita kiasi. Usiku mwani nao hutumia oksijeni, na ukifa huoza, taabu ikaanza upya. Ziko aina zenye sumu iwezayo kuua ng'ombe. Tena kahawa yetu huvunwa wakati wa kiangazi, mito ikiwa imepungua, na wenzetu walio chini ya kijito huteka maji yayo hayo.

Wako wasemao, "Maji yatembeayo huchukua uchafu wote." Lakini huupeleka wapi? Mto Momba na mto Songwe wa kaskazini humwaga maji katika Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halina mto utokao. Kiingiacho humo hakina njia ya kwenda baharini.

Dawa yake si ngumu. Kwanza, chagua mahali pa kurundika maganda mbali na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hulinda meta 60 za ukingo wa mto. Pili, panga tabaka za maganda, majani makavu, samadi na udongo kidogo. Tatu, chungu iwe na unyevu bila kulowa, na igeuzwe kila baada ya majuma mawili au matatu ili hewa iingie. Ukichomeka kijiti katikati na kukitoa kikiwa cha moto, ujue waozeshaji wanafanya kazi. Ikinuka vibaya, imekosa hewa, igeuze. Baada ya miezi michache itakuwa nyeusi na kunukia kama udongo wa msituni. Hapo itie kuzunguka miti ya kahawa, lakini usiigusishe na shina.

Wazee wa vijiji na walimu, lisemeni jambo hili kabla ya mavuno, wala msingoje samaki waelee. Mtu anunuaye mbolea ya dukani kwa fedha nyingi, kisha akatupa mbolea yake mwenyewe mtoni, hupata hasara mara mbili, na hasara ya tatu humpata jirani yake anywaye maji hayo.