Rangi Mpya Isitufumbe Macho

Mwaka 2021 Serikali ilitumia fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19 kujenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini, shilingi milioni 20 kwa kila kimoja. Kazi za namna hii, Nachingwea na Ruangwa zikiwamo, hufanywa na mafundi wa kawaida, na wananchi huketi katika kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Ubora wa jengo, basi, umo pia mikononi mwetu wazazi.

Wengi wetu hulikagua jengo siku ya ufunguzi, rangi ikiwa bado mbichi. Wakati huo msingi umekwisha kufukiwa, na nondo zimo ndani ya zege. Tuhesabu matofali yanayotoka katika kila mfuko wa saruji, tuzione nondo za lenta kabla ya zege kumwagwa, na tuhakikishe matofali na zege vinamwagiliwa maji angalau siku 7. Kiangazi cha kusini ni kirefu na maji ni ya shida; umwagiliaji ukiachwa, nyufa hufuata.

Suratul Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo. Tusidhani onyo hilo ni la muuza duka peke yake. Mfuko wa saruji uliotoroshwa usiku nao ni kipimo kilichopunjwa, na anayepunjwa ni mtoto aketiye chini ya lenta ile.

Mzazi anayeitwa kwenye kamati asijitoe kwa kuwa hakusomea ujenzi. Kuhesabu mifuko hakuhitaji shahada, kwahitaji uaminifu. Shule ni amana, na amana huulizwa.