MAFUTA, VITA NA MWENYE UDONGO



Safari hii tunaeleza jambo linaloonekana la mbali, kumbe liko karibu na mlango wetu. Jambo lenyewe ni hili: kazi ya kutafuta mafuta ya petroli inasimamaje wakati wa vita, na ni nani anayezungumza na kampuni juu ya udongo wakati bunduki zinalia?

Wengi wetu tunadhani vita ikifika, kila kitu kinalala mpaka amani irudi. Sivyo. Mashine zinalala, lakini maneno hayalali. Watu wanaendelea kuitana, kuahidiana na kutia sahihi. Na mara nyingi yanayosemwa wakati ule ndiyo yanayoamua nani atakula kesho na nani atatazama tu.

Sisi wa bonde la Ruzizi tunajua maana ya kazi kusimama. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama mwaka wa 1996 vita ilipoingia kwetu, na kila mtu aliona. Muwa unaonekana shambani, bomba la moshi linaonekana barabarani. Lakini mafuta yako chini ya ardhi. Hayaonekani. Anayeyajua ni mwenye vipimo, na anayeyamiliki, kabla hayajatoka, ni mwenye karatasi. Kwa hiyo tufuate karatasi.

1. KISIMA KINAFUNGWAJE?

Kisima cha mafuta ni tundu jembamba linaloweza kushuka mita elfu moja na zaidi, likiwa limevikwa bomba la chuma. Mafuta yakipatikana, yanaweza kupanda yenyewe kwa sababu yanasukumwa kutoka chini. Ukitaka kufunga, unamimina kwanza matope mazito ili yashinde nguvu ile, halafu unaweka kizibo cha simenti ndani ya bomba. Mafuta yanabaki palepale, kama maji ndani ya mtungi uliozibwa.

Kwa nini kampuni inafunga wakati wa vita? Kwanza, inaogopa adui asije akateka kisima na kukitumia. Pili, chuma na meli zinachukuliwa na jeshi. Tatu, wafanyakazi wanakimbia, na hakuna wa kuwalinda wale waliobaki. Ndiyo maana mikataba mingi ina kipengele kinachosema kwamba likitokea jambo lisilozuilika, kama vita, kampuni inaruhusiwa kusimama bila kupoteza haki yake. Tuweke neno hili kichwani: kazi inasimama, haki haisimami.

2. KUWAIT: KARATASI ILIYONGOJA

Tuanze mbali, katika Ghuba ya Waarabu, maana kule mambo yalikwenda wazi na yatatusaidia kuelewa ya kwetu.

Tarehe 23 mwezi wa 12 mwaka wa 1934, Sheikh Ahmad al-Jabir wa Kuwait alitia sahihi mkataba wa miaka 75 na kampuni ya Waingereza na Wamarekani. Mwezi wa pili 1938 mafuta yalipatikana mahali panapoitwa Burgan. Halafu Vita Kuu ya Pili ikaja. Mwaka wa 1942 visima vikazibwa kwa simenti na kazi ikasimama. Nchi ya watu wasio na mvua wala mashamba makubwa ikakaa juu ya utajiri wake bila kuugusa.

Vita ilipokwisha, simenti ikatobolewa, na mwezi wa sita 1946 meli ya kwanza ikaondoka na mafuta. Karatasi ya 1934 ilikuwa bado hai. Kwa nini? Kwa sababu yule aliyetia sahihi ndiye aliyekuwa bado ameketi pale, na hakuna mwingine aliyeshika udongo ule kwa bunduki. Kampuni ilijua mlango wa kubisha ni upi.

Lakini tusiseme kila kitu kilikuwa kizuri. Mwaka wa 1938 baraza la wenyeji lilitaka fedha za mafuta zipite mikononi mwake. Kabla ya mwaka kwisha, Sheikh alilivunja. Na mkataba wenyewe haukukaa kama ulivyozaliwa. Mwaka wa 1951 Kuwait ilipata mapatano mapya ya kugawana faida nusu kwa nusu, na mwaka wa 1975 ikachukua kampuni yote. Maana yake, aliyesaini vibaya leo anaweza kurudi mezani kesho, mradi bado ana mahali pa kukaa mezani.

3. BUNYORO: KARATASI ILIYOKUFA KABLA YA MAFUTA

Sasa turudi kwetu Afrika, kwenye Ziwa Albert, lile ambalo wazazi wetu walilisoma shuleni kwa jina la Ziwa Mobutu. Ziwa hilo limegawanyika: upande wa magharibi ni Kongo, katika Ituri, upande wa mashariki ni Uganda, katika nchi ya zamani ya Bunyoro.

Upande wa Uganda mafuta yalijulikana zamani, maana mahali pengine yanatoka yenyewe ardhini. Mwaka wa 1925 Mwingereza E. J. Wayland, mkuu wa idara ya miamba ya Uganda, aliandika ripoti yake juu ya mafuta hayo. Mwaka wa 1938 kisima kirefu cha kwanza kilitobolewa karibu na Butiaba. Kilishuka zaidi ya mita 1,200, lakini hakikutoa mafuta ya kuuzwa. Mwaka uliofuata vita ikawaka Ulaya, na kazi ikapoa. Visima vifupi vilitobolewa bado hadi miaka ya 1950, lakini uchunguzi mkubwa ulingoja mpaka miaka ya 1980.

Wakati mashine zikiwa kimya, mtawala wa pale hakunyamaza. Mwaka wa 1955 Omukama Tito Winyi IV wa Bunyoro alifanya mapatano na Waingereza. Ndani yake iliandikwa kwamba kama madini yatachimbwa Bunyoro, sehemu kubwa ya malipo itarudi kwa serikali ya Bunyoro. Alifanya vizuri: alizungumza kabla ya mali kuonekana.

Lakini mwaka wa 1967 katiba mpya ya Uganda iliondoa falme zote. Kiti kikaondoka, na mkono ulioshika karatasi ukaondoka nacho. Mafuta ya kutosha kwa biashara yalipatikana mwaka wa 2006 tu. Falme zilikuwa zimerudishwa tangu 1993, lakini kama walinzi wa mila, si kama serikali. Sheria ya fedha ya Uganda ya mwaka wa 2015 ikasema taasisi ya kimila itapata asilimia 1 ya mrabaha wa Serikali kuu. (Mrabaha ni malipo anayopewa mwenye mali kwa mafuta yanayotoka.) Tangu «sehemu kubwa» hadi asilimia 1: pimeni wenyewe.

4. ITURI: MABWANA WATATU, UDONGO MMOJA

Tuvuke ziwa sasa, tuje upande wetu wa Kongo. Hapa ndipo hadithi inauma.

Vita ya pili ya Kongo ilianza tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka wa 1998. Ituri ikaingia mikononi mwa jeshi la Uganda na vikundi vilivyogawanyika kila siku. Mwaka wa 1999 ugomvi wa udongo kati ya Wahema na Walendu ukawaka. Inakadiriwa kwamba mpaka mwaka wa 2003 watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamekufa.

Katikati ya moto huo, mwezi wa 6 mwaka wa 2002, kampuni ya Heritage Oil ilipatana na Serikali ya Kinshasa juu ya kutafuta mafuta upande wa Kongo wa Ziwa Albert. Angalieni vizuri: Kinshasa ilikuwa na muhuri, lakini haikuwa na hata askari mmoja wa kutuma kwenye ufuko ule. Karatasi ilikuwa halali, lakini haikuwa na njia ya kufika.

Basi, nani wa kufungua njia? Mwaka wa 2003 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya Ituri. Ndani yake Kahwa Panga Mandro, shefu wa Wahema aliyekuwa pia na kikundi cha askari, alieleza kwamba watu wa mafuta walimfikia. Jibu lake kwao lilikuwa kwamba kazi haiwezi kuanza kwake mpaka kwanza achukue Bunia kutoka mikononi mwa kikundi cha UPC.

Tulifikirie jibu hilo. Zamani, shefu akifikiwa na mgeni juu ya udongo, aliita wazee wakae barza, wakaulizana: nani analima pale, makaburi ya nani yako pale, samaki watapitia wapi? Hapa shefu hakusema «nitauliza watu wangu». Alisema, kwa maana yake, «nitapigana kwanza». Vita ilikuwa imebadilisha kazi yake: badala ya kuwa mlinzi wa udongo, amekuwa mlinzi wa barabara. Tena hatusemi kwamba ni yeye peke yake. Kila aliyekuwa na bunduki siku zile alikuwa mtu wa kuombwa ruhusa.

Kwa hiyo udongo ulikuwa na mabwana watatu. Mmoja alikuwa na muhuri, wa pili alikuwa na bunduki, na wa tatu, ndiye mwananchi, alikuwa na makaburi ya babu zake tu. Kuwait muhuri na nguvu vilikaa kwa mtu mmoja, karatasi ikaishi. Ituri vilitengana, karatasi ikawa upepo.

Na baada ya vita? Mwaka wa 2006 Kinshasa ilitia sahihi na Heritage pamoja na kampuni ya Tullow. Halafu ikakataa sahihi yake. Mwaka wa 2008 eneo moja likapewa kundi jingine. Mwaka wa 2010 amri ya Rais ikawapa wengine tena. Katikati yake, tarehe 3 mwezi wa 8 mwaka wa 2007, watu walipigwa risasi ziwani na fundi Mwingereza wa mafuta akafa. Mwezi uliofuata marais wa Kongo na Uganda walikutana Ngurdoto, Tanzania, wakaahidi kupima mpaka pamoja. Karatasi juu ya karatasi. Lakini mpaka mwaka wa 2024 upande wa Kongo wa ziwa lile haukuwa umetoa hata pipa moja la kuuza.

5. NA SISI JE?

Mtu anaweza kusema: hayo ni ya Ituri, sisi hapa tuna mihogo, mpunga na samaki. Ndugu, ngojeni kidogo.

Bonde letu na Ziwa Tanganyika ni sehemu ya ufa uleule mkubwa wa ardhi unaobeba Ziwa Albert. Ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Burundi, kampuni ya Amoco ilitoboa visima viwili katika miaka ya 1980. Havikutoa mafuta. Lakini mwezi wa 7 mwaka wa 2022 Serikali ya Kongo ilipotangaza mnada wa maeneo 27 ya mafuta, maeneo 11 kati yake yalikuwa katika ufa wa Tanganyika, na 4 tu katika ule wa Albert. Mnada huo ulifutwa mwezi wa 10 mwaka wa 2024. Mnada umefutwa, lakini mwamba haukufutwa. Siku moja mtu atarudi na ramani yake. Na vita nayo inajua njia ya kwetu: mwaka wa 2025 ilirudi tena bondeni.

Sheria inasemaje? Tangu sheria ya Bakajika ya mwaka wa 1966, udongo na vilivyo chini yake ni mali ya Leta. Katiba ya 2006, kifungu cha 9, inathibitisha mamlaka ya Leta juu ya vitu hivyo. Sheria ya hidrokaboni ni ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka wa 2015, na mwezi uleule ilitoka sheria juu ya mashefu wa kimila. Kwa hiyo Mwami hawezi kuuza mafuta, wala kiongozi wa bunduki hawezi. Lakini mgeni hafiki kwa Katiba. Anafika kijijini, na mtu wa kwanza anayemkuta ni mkulima, halafu shefu wake.

Siku hiyo tutahitaji vijana wanaojua kusoma karatasi. Maswali manne yanatosha kuanzia:

(a) Karatasi hii imetiwa sahihi na nani, na tarehe gani? Kama ni wakati wa vita, tuulize mara mbili.

(b) Kazi ikisimama, haki ya kampuni inadumu miaka mingapi? Na shamba langu litakaa limefungwa miaka ile yote?

(c) Malipo yatapitia kwa nani, na yataandikwa wapi ili kila mtu ayaone?

(d) Watu waliokimbia vita wataulizwa lini? Maana aliye kambini naye ana udongo wake.

Swali la mwisho ndilo kubwa. Wakati wa vita wanaobaki kuzungumza ni wachache, na wenye kubaki si lazima wawe wenye udongo. Mapatano yaliyofanywa wakati wenyewe wako njiani na magodoro kichwani, yakisomwa tena wakirudi, yatazaa vita nyingine.

Wazee wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuongeze kidogo: hata daftari likiwepo, kama wenyeji hawalisomi, mali itapotea vilevile, ila safari hii kwa maandishi. Basi wanafunzi wenzetu, somo la jiografia, lile la historia na lile la Kifaransa cha sheria tusiyasome kwa kutafuta pointi tu. Wazazi wetu wengi walipewa karatasi za kutia kidole. Sisi tutaombwa sahihi, tusome kwanza.