Tukaushe Miguu Yetu Baada ya Udhu



Uko ugonjwa ambao wengi wetu tunao na wachache tunausema. Mtu hujikuna vidole vya miguu usiku kucha, na asubuhi huvaa soksi akaenda kazini. Msikitini huificha miguu chini ya kanzu ili jirani asiione ngozi nyeupe iliyorojeka baina ya kidole cha mwisho na kinachokifuata. Ugonjwa huo ni fangasi za miguu. Si wa kuonewa haya, wala si wa kupuuzwa.

Fangasi hizi ni jamii moja na choa na mapunye tuliyoyajua tangu utotoni. Hula ngozi ngumu ya juu na kucha, na hustawi penye joto, giza na unyevu. Kwetu tulizoea ndara, na miguu ikapata upepo. Hapa Mesquite, joto la kiangazi hupita nyuzi 38, na wengi wetu hushinda ndani ya buti za kazi kwa saa 8 hata 12. Mguu uliofungiwa namna hiyo hauna pa kukaukia.

Je, udhu ndio sababu? La hasha. Maji safi hayazai fangasi. Kosa letu ni haraka: tunaosha miguu kazini, tunautia mguu mbichi ndani ya soksi, na unyevu ule unafungika humo hadi swala inayofuata. Sunna imetufundisha kupitisha kidole baina ya vidole ili maji yafike kila mahali. Basi, tukimaliza, tupitishe na kitambaa papo hapo. Wako wazee wetu wasiopenda kuyafuta maji ya udhu, na jambo hilo lina asili katika vitabu vya madhehebu ya Shafii. Lakini vitabu hivyo hivyo havioni ubaya kufuta palipo na haja, na maradhi ni haja.

Kila mtu awe na kitambaa chake. Tuchukue soksi za akiba kazini, na tuwe na jozi mbili za viatu tukizipokezana, ili jozi moja ikauke siku nzima. Tuvae ndara katika mabafu ya umma, kando ya mabwawa ya kuogelea na mahali pa kutawadhia, wala tusiazimane.

Aliyekwisha kupatwa atibiwe. Wengi watakumbuka malhamu ya Whitfield katika zahanati za kwetu. Hapa, krimu za klotrimazoli na terbinafini huuzwa bila cheti cha daktari. Klotrimazoli hupakwa mara mbili kwa siku, kwa kawaida wiki 4, juu ya ngozi iliyokaushwa. Wengi huiacha mara muwasho unapotulia, na ugonjwa hurudi. Tujihadhari na krimu za steroidi, kama haidrokotisoni, zinazopakwa peke yake: hutuliza muwasho huku fangasi zikienea. Kucha zilizonenepa na kugeuka rangi aghalabu haziponi kwa krimu; zinamtaka daktari.

Neno letu la mwisho ni kwa wenye kisukari, nao ni wengi katika wazee wetu. Ufa mdogo baina ya vidole ni mlango wa vijidudu vingine, na mguu uliokufa ganzi hautoi habari. Kidonda kikichelewa kinaweza kuishia katika kukatwa mguu. Mwenye kisukari asijitibu mwenyewe. Amwone daktari mapema, na kila usiku mtoto au mjukuu amkague miguu kwenye mwanga. Mguu ukivimba, ukawa mwekundu na moto, au homa ikapanda, aende hospitali siku ile ile.

Kitambaa kidogo mfukoni hakimlemei mtu. Tukianze leo, kabla ya adhuhuri.

Wabillahi tawfiq.