Nafasi iliyopotea kwenye diski kuu

Nafasi iliyopotea kwenye diski kuu ni hali ambayo kompyuta huonyesha kuwa diski imejaa au inakaribia kujaa, ilhali mtumiaji akijumlisha ukubwa wa mafaili yake anapata hesabu ndogo zaidi. Kwa mfano kompyuta inasema gigabaiti 210 zimetumika, lakini folda zote zinazoonekana zina jumla ya gigabaiti 150 tu. Gigabaiti 60 zilizobaki hazijayeyuka. Karibu kila mara ziko kwenye diski ile ile, ila zimekaa mahali ambapo mtumiaji hapaoni au zimehesabiwa kwa kanuni nyingine.

Jambo hili si dogo. Diski ya mfumo ikijaa kabisa, Windows hushindwa kupokea masasisho, programu hukwama, na hati inayoandikwa huenda isihifadhiwe. Hatari kubwa zaidi huletwa na tiba ya haraka: watu wengi hukimbilia kufomati diski, au kufuta folda wasizozijua, na hivyo hupoteza picha za familia au matokeo ya wanafunzi kwa sababu ya tatizo ambalo lingemalizwa kwa nusu saa.

Hesabu mbili za gigabaiti

Sababu ya kwanza haina kosa lolote ndani yake. Katika vipimo vya kawaida neno "kilo" lamaanisha 1,000, kama katika kilogramu na kilomita. Watengenezaji wa diski hufuata kanuni hiyo, kwa hiyo gigabaiti 500 kwao ni baiti 500,000,000,000 kamili. Windows, kwa upande wake, hugawa kwa 1,024 katika kila ngazi, kwa sababu kompyuta hufanya kazi kwa namba za msingi wa mbili. Gigabaiti moja ya Windows ni baiti 1,073,741,824. Ukigawa 500,000,000,000 kwa namba hiyo unapata 465.66, na ndiyo sababu diski mpya ya gigabaiti 500 huonyesha 465 siku ya kwanza inapowashwa. Diski ya terabaiti 1 huonyesha 931.

Ili kuondoa utata huo, Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme (IEC) ilipitisha mwaka 1998 majina mapya kwa vipimo vya 1,024: kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti. Windows huhesabu gibibaiti lakini bado huandika herufi GB. Kampuni ya Apple ilihamia hesabu ya 1,000 katika toleo la Mac OS X 10.6 la mwaka 2009, kwa hiyo diski moja ikichomekwa kwenye kompyuta mbili huonyesha ukubwa tofauti bila kubadilika hata baiti moja. Muuzaji wa dukani hajamwibia mtu.

Wizi wa kweli upo, lakini ni wa namna nyingine. Kuna fleshi na diski za nje zilizoandikwa terabaiti kadhaa na kuuzwa kwa bei ya kushangaza. Ndani yake mna kumbukumbu ndogo tu, na kidhibiti chake kimerekebishwa kitangaze ukubwa wa uongo. Mafaili hunakiliwa bila malalamiko, kisha yakifunguliwa ni tupu au yameharibika. Programu ya H2testw huandika data mpaka kifaa kijae, halafu huisoma tena yote. Hiyo ndiyo njia ya kuaminika ya kumjua mwongo.

Sehemu za diski

Diski moja hugawanywa katika sehemu kadhaa, na herufi C: huwakilisha moja tu kati ya hizo. Kompyuta nyingi za dukani zina sehemu ya kuanzishia mfumo, ambayo ni ndogo, na sehemu ya kurejeshea Windows, ambayo huweza kufika gigabaiti kadhaa. Zote mbili hazina herufi, kwa hiyo hazionekani kwenye orodha ya kawaida. Ukiandika diskmgmt.msc kwenye sehemu ya kutafutia, ramani ya diski nzima hufunguka.

Pande jeusi katika ramani hiyo ni nafasi ambayo haijagawiwa. Hutokea mara nyingi pale fundi anaponakili diski ya zamani kwenda kwenye diski kubwa zaidi: sehemu ya C: hubaki na ukubwa wake wa awali, na nafasi mpya hukaa bure. Ikiwa nafasi hiyo iko mara tu baada ya C:, inaweza kuunganishwa nayo bila kufuta kitu. Sababu nyingine ni utaratibu wa zamani wa kugawa diski uitwao MBR. Kwa sekta za baiti 512 haufiki mbele ya baiti 2,199,023,255,552, hivyo diski ya terabaiti 3 hutumika kama terabaiti 2.2 tu mpaka ihamishiwe kwenye utaratibu wa GPT.

Mafaili yasiyoonekana

Hapa ndipo nafasi nyingi hupatikana. Windows huficha mafaili yake ili mtumiaji asiyafute kwa bahati mbaya, na baadhi yake ni makubwa sana. Faili pagefile.sys hutumika kama nyongeza ya RAM pale RAM inapojaa. Faili hiberfil.sys huhifadhi hali ya kompyuta inapolazwa huku umeme ukizimwa kabisa. Kwenye mashine yenye RAM ya gigabaiti 16 huweza kuchukua gigabaiti 6 hivi. Msimamizi wa kompyuta anaweza kuliondoa kwa amri ya powercfg /h off. Lakini mahali ambapo umeme hukatika ovyo yafaa kufikiri kwanza, kwa sababu ni faili hilo linaloiwezesha kompyuta ya mkononi kuokoa kazi iliyofunguliwa betri inapokaribia kwisha.

Folda ya System Volume Information ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Humo Windows huweka nakala za hali ya zamani ya mfumo, ili kompyuta iweze kurudishwa nyuma programu mpya ikileta madhara. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuifungua, hata akiwa msimamizi. Kwa hiyo akichagua folda zote za C: na kuuliza ukubwa wake, folda hiyo huhesabiwa kuwa sifuri, ingawa huenda ina makumi ya gigabaiti. Tofauti ya 210 na 150 katika mfano wa hapo juu huweza kutoka hapa peke yake. Amri ya vssadmin list shadowstorage, ikiandikwa na msimamizi, hutaja kiasi kinachotumika na kikomo kilichowekwa. Kikomo hicho hupunguzwa katika mipangilio ya ulinzi wa mfumo, na haifai kuzima ulinzi wote.

Baada ya kuhamia toleo jipya la Windows, toleo la zamani hubaki katika folda ya Windows.old, ambayo kwa kawaida hufutwa yenyewe baada ya siku 10. Folda ya WinSxS nayo huonekana kubwa mno. Kwa kweli sehemu ya ukubwa huo ni kivuli, maana mafaili yaleyale yana majina mawili na huhesabiwa mara mbili. Asiiguse mtu kwa mkono: Windows huisafisha yenyewe kupitia programu yake ya usafi wa diski, na aliyejaribu kuifuta kwa nguvu huishia kusakinisha mfumo upya.

Virusi navyo huficha. Kuna aina iliyosambaa sana kupitia fleshi katika shule, ofisi na maduka ya intaneti: hufunika mafaili yote na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale. Mwenye fleshi huona haina kitu, ilhali kompyuta yasema imejaa. Wengi huifomati hapo hapo, na kazi ya muhula mzima huenda nayo. Mafaili yalikuwepo yote. Kwanza fleshi isafishwe kwa programu ya kuzuia virusi, bila kubofya njia zile za mkato. Kisha, ikiwa herufi yake ni E, amri ya attrib -h -r -s /s /d E:\*.* huyafichua.

Mafaili madogo yanayokula nafasi kubwa

Diski haihesabu baiti moja moja bali mafungu yaitwayo klasta, na faili dogo hushika klasta nzima kama vile abiria mmoja aliyekodi teksi. Kwenye NTFS klasta kwa kawaida ni kilobaiti 4, hivyo hasara ni ndogo. Kwenye diski kubwa ya nje iliyofomatiwa kwa exFAT mara nyingi klasta ni kilobaiti 128. Mafaili 20,000 ya kilobaiti 2 kila moja yana data isiyozidi megabaiti 40, lakini huko yatachukua karibu gigabaiti 2.6. Ndiyo sababu dirisha la sifa za faili huonyesha namba mbili, ukubwa wa faili na ukubwa wake diskini.

Namna ya kutafuta

Kabla ya kufuta chochote ni vizuri kuona nani amekaa wapi. Programu za bure kama WinDirStat na TreeSize huchora diski nzima kwa ukubwa wa folda, na zifunguliwe kwa haki za msimamizi. Mara nyingi mkosaji si Windows bali ni nakala ya simu iliyosahauliwa, video zilizopokelewa kwa ujumbe, au pipa la taka ambalo halijamwagwa.

Ikiwa umeme ulikatika ghafla, orodha ya mafaili huenda ikavurugika na klasta zikabaki bila mwenyewe. Amri ya chkdsk C: /f huzitafuta kompyuta inapowashwa upya, na vipande vinavyookolewa huwekwa katika folda iliyofichwa kama found.000. Lakini diski inayotoa mlio usio wa kawaida isipewe amri hiyo kabla ya kunakili data muhimu kwingine, kwani kazi hiyo nzito huweza kuimaliza.

Kwenye Linux mfumo wa ext4 hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi. Huko pia faili lililofutwa halirudishi nafasi mpaka programu inayolitumia ifungwe, kwa hiyo amri za df na du hutoa majibu tofauti. Lsof humtaja anayelishikilia. Chombo cha GNOME cha kupima diski kiliitwa Baobab, yaani mbuyu. Kwenye Mac nafasi iliyofichika huwa mara nyingi ni nakala za muda za Time Machine, ambazo mfumo huziondoa wenyewe nafasi inapohitajika.