Tumbo kuvimba, choo kufungika: sababu gani munganga anakata utumbo

Tumbo linavimba ghafula kama ngoma. Choo haitoki, hata upepo hautoki. Nyumbani wengine wanasema ni karuho, mtu amewekewa sumu. Wanamtafutia dawa ya kutapisha, ao wanamtia dawa ya miti kwa njia ya nyuma. Lakini mara ingine ni utumbo mnene ndio umejisokota.

Utumbo mnene wa mtu mzima una urefu wa karibu metre 1,5. Kazi yake kubwa ni kunyonya maji na chumvi, mabaki ya chakula yakauke yawe choo. Sehemu yake moja ya mwisho, upande wa kushoto, imepinda kama herufi S. Kwa watu fulani iko ndefu kupita kawaida, na siku moja inajizungusha kama kamba. Waganga wanaita ugonjwa huo volvulusi. Hapa Afrika unashika zaidi wanaume.

Pale utumbo umejisokota, damu haipite vizuri. Utumbo unaweza kuoza na kutoboka, uchafu ukamwangika ndani ya tumbo. Dawa ya kutapisha haiwezi kuufungua, na ile ya nyuma inaweza kuutoboa.

Hospitali wanafanya nini?

Kama utumbo haujaoza, wanaweza kupitisha mpira kwa njia ya nyuma na kuufungua. Lakini mara nyingi unajisokota tena, ndiyo sababu operesheni inafuata. Wanakata sehemu ile na kushona ncha mbili pamoja.

Kama umeoza, ao mgonjwa amelegea sana, hawashone mara moja. Ncha moja inatolewa kwa ngozi ya tumbo, na choo inaingia ndani ya kifuko. Munganga Mfaransa Henri Hartmann alieleza operesheni hiyo mwaka 1921.

Kifuko hicho ndicho kinaogopesha watu, wengine wanakataa kupasuliwa juu yake. Lakini kwa wengi ni cha muda: kisha miezi fulani, munganga anaweza kuunganisha utumbo tena. Kuzunguka tundu, safisha kwa maji safi na kausha vizuri. Nyama yake kuwa nyekundu na yenye maji-maji ni kawaida. Ikigeuka nyeusi, rudi hospitali mbio.

Mtu anaweza kuishi bila kipande cha utumbo mnene, hata bila wote. Kwa hiyo tumbo likivimba, choo na upepo vikikatika, mupeleke mgonjwa usiku uleule pale kuna chumba cha operesheni. Maneno ya karuho mutaongea kisha.