Mwaliko wa Mtoto kwa Kazi ya Mikono Yake

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo la nyumbani: jinsi ya kuwaalika watoto waje kufurahi na mwenzao siku ya kuzaliwa kwake. Huenda mmoja wenu atasema, “Hilo nalo ni neno la kuandikiwa?” Naam, ni neno. Sikilizeni kwanza kisa kilichonifundisha mimi.

Mwaka ule binti yangu alipotimiza miaka 6, nilinunua mjini kadi 10 zilizopigwa chapa, zenye rangi ya dhahabu pembeni. Nikaandika majina, nikazipeleka. Siku ilipofika wakaja watoto 9. Wa kumi, mtoto wa mvuvi jirani yetu, rafiki wa binti yangu kupita wote, hakuonekana. Alasiri nzima binti yangu alikuwa akichungulia njiani. Kesho yake nilikwenda kwao, nikabisha hodi, nikauliza kama mtoto ni mgonjwa. Mama yake akainamisha uso, akasema, “Hajambo, mwalimu. Lakini tuliiona ile kadi, tukajua kuwa ni shughuli ya watu wenye uwezo. Bahari imechafuka juma zima. Hatukuwa na kitu cha kumpa aje nacho.” Kadi yenyewe ilikuwa imesimamishwa juu ya rafu kama kitu cha thamani. Niliona haya. Karatasi niliyoipeleka kumwita mtoto ndiyo iliyomfungia mlango.

Tangu siku ile, kadi za nyumbani kwetu hutengenezwa na watoto wenyewe.

Zamani watu wa Mrima, tangu Bagamoyo hata Saadani, hawakuwa na desturi ya kushika tarehe ya kuzaliwa. Mtoto aliambiwa amezaliwa wakati wa kusi au wa kaskazi, na sherehe yake ya kwanza ilikuwa arobaini, siku ya 40, alipotolewa nje. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na katika nyumba za Wakatoliki siku ya somo, yaani mtakatifu ambaye mtoto ameitwa kwa jina lake, ikawa nayo siku ya furaha. Lakini kwa shughuli yo yote, mwaliko ulikwenda kwa mdomo. Mjumbe alikwenda nyumba hata nyumba, akibisha hodi na kumtaja mwenye shughuli. Aliyealikwa hivyo alijua kwamba anatakiwa yeye mwenyewe.

Kadi za salamu zilitoka Ulaya. Mwaka 1843, mjini London, Mwingereza Henry Cole aliona barua za Noeli zimemzidi nguvu. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja ya kupigwa chapa, ili asiwaandikie rafiki zake barua moja moja. Kadi zile zikatiwa rangi kwa mkono. Basi kadi ilizaliwa kwa ajili ya kupunguza kazi. Nasi tukitaka iseme upendo, hatuna budi kuirudishia kazi kidogo.

Kazi yenyewe si ya gharama. Chukueni kasha tupu la karatasi nene, mlikate vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Kwa gundi, korogeni vijiko viwili vya unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji baridi, kisha mpike kwa moto mdogo mkikoroga, hata iwe nzito kama uji. Itumieni siku ile ile, maana joto la pwani huichachusha upesi.

Muhuri wa kwanza ni bamia. Ikatwe kwa kukingama, ipanguswe ute kwa kitambaa, ichovywe katika rangi na kugandamizwa juu ya karatasi: litatokea ua zuri lenye pembe tano. Kikonyo cha jani la mpapai kina tundu ndani, nacho hupiga chapa ya duara. Rangi nazo zimo jikoni na uani. Bizari ya manjano ikikorogwa na maji machache hutoa rangi ya manjano. Mbegu za mzingifuri hutoa nyekundu. Masizi ya chungu yakichanganywa na gundi kidogo hutoa nyeusi. Watoto wavae nguo kuukuu, kwa kuwa bizari haitoki upesi nguoni.

Kama bibi yupo nyumbani, aombwe vipande vya ukindu alivyobakiza katika kusuka mkeka. Ukindu uliotiwa rangi, ukisukwa ukili mwembamba na kubandikwa pembeni, haushindwi na dhahabu ya dukani. Maua ya kanga iliyochakaa yafaa pia kukatwa na kubandikwa. Lakini jihadharini na jina la kanga! Someni kwanza maneno yake, asije jirani akapokea mwaliko wenye kijembe ndani.

Mtoto apendaye kuchora na afuate njia ya Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 huko Dar es Salaam, akafariki mwaka 1972. Yeye alitumia rangi za kupakia baiskeli na mbao nyepesi za dari, na mara nyingi alimweka mnyama mmoja au ndege mmoja ajaze picha nzima. Mtoto wa miaka 6 aweza hivyo: kanga mmoja mwenye madoadoa, au pweza mmoja mwenye mikono minane, yatosha kadi moja. Wala msimsahihishe mno. Kombo la mkono wake ndilo litakalomwambia rafiki yake nani ameitengeneza.

Sasa, maneno ya kuandika. Yatajwe mambo manne: nani anaalika, siku gani, tangu saa ngapi hata saa ngapi, na mahali. Katika vijiji vyetu, kama Kaole na Mlingotini, nyumba nyingi hutafutwa kwa mwembe na kisima. Basi nyuma ya kadi mtoto achore njia, na mwembe, na mlango. Saa tisa alasiri ni wakati mwema, na watoto warudi makwao kabla ya magharibi, kama ilivyo desturi ya pwani. Tena, rafiki wengi wa watoto wetu ni Waislamu. Msichague Ijumaa adhuhuri, wala mchana wa Ramadhani. Kama mtachinja kuku, mwombeni jirani Mwislamu awachinjie, nanyi mwaambie wazazi hivyo mnapoalika. Hapo mama atamwacha mwanawe ale kwa moyo mweupe.

Kisha liongezwe neno moja, nalo ndilo kubwa. Kadi yetu ya mwaka uliofuata ilisema hivi: “Mwenzangu mpenzi, Jumamosi nitatimiza miaka 7. Njoo saa tisa alasiri tucheze chini ya mwembe wetu hata saa kumi na moja. Usilete zawadi. Lete kitendawili kimoja.” Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kitendawili anacho kila mtoto, au atakipata kwa bibi yake kabla ya kulala.

Nanyi walimu, kazi hii yaweza kuwa somo zuri la kuandika, maana mtoto hujifunza kuliandika sawasawa jina la mwenziwe. Ila msiruhusu kadi zigawanywe darasani kama haziwatoshi wote. Mtoto aliyekosa huhesabu vizuri kuliko mnavyodhani.

Siku hizi wengi wetu hualika kwa simu, wala si vibaya. Lakini simu humfikia mzazi. Kadi humfikia mtoto mkononi mwake. Tena kadi haiondoi hodi. Waraka ni nusu ya kuonana, na nusu ya pili ni miguu yetu. Mtoto aipeleke mwenyewe pamoja na mzazi wake, aamkie wakubwa, na mzazi atamke kwa mdomo: “Tunamtaka mtoto wenu aje, hivyo alivyo.”

Basi mwaka ule tulikwenda tena kwa mvuvi, binti yangu ameshika kadi yenye pweza wa masizi, mikono yake mmoja mrefu kuliko mingine yote. Mama yule aliisoma polepole. Alipofika kwenye neno la zawadi, akaisoma mara ya pili, akacheka, akamwita mwanawe.

Jumamosi mtoto yule alikuwa wa kwanza kufika, miguu imejaa mchanga wa pwani. Hakungoja hata wenziwe waketi.

“Kitendawili!”

“Tega!”

“Nyumba yangu haina mlango.”

Binti yangu alijua jibu, nami nilijua kuwa analijua. Lakini alinyamaza, akamwacha rafiki yake aliseme mwenyewe: “Yai!”