Tuwasikilize wanaoishi na moto

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Methali hii hukaririwa kila mtaa wa mabanda unapoteketea, hata imegeuka kuwa kisingizio cha waliopaswa kuuzuia moto wenyewe. Hali moto hauanguki kutoka mbinguni. Una chanzo, una njia na una kinachoulisha. Maadamu ni hivyo, hatari yake yaweza kupimwa kabla cheche haijaruka.

Wataalamu hupima mambo matatu: uwezekano wa moto kuzuka, watu na mali iliyo katika njia yake, na uwezo wa watu hao kujiokoa. Huhesabu nyumba zilizobanana katika ekari moja, upana wa vichochoro, umbali wa maji, nyaya za stima zilizounganishwa kiholela na vibanda vinavyouza mitungi ya gesi. Sina ugomvi na hesabu hizo. Ninachouliza ni hiki: takwimu zenyewe zimetoka kwa nani?

Lichukue daftari la wazima moto. Humo huandikwa moto ulioitiwa gari. Ule uliozimwa na majirani kwa mchanga na karai za maji haumo. Basi mtaa ambao gari haliwezi kupenya, na ambao wakazi wake wamekwisha kukata tamaa ya kupiga simu, utaonekana salama kuliko mitaa yote. Kimya cha daftari hudhaniwa kuwa usalama, kumbe aghalabu ndicho dalili ya hatari.

Kuna na suala la lugha, ambalo ndilo kazi yangu. Niliwahi kumsikiza kijana mwenye fomu akimwuliza mama mmoja iwapo makao yake yalikuwa na "hitilafu za mfumo wa umeme." Mama akajibu hapana, na kijana akatia alama. Nilipomwuliza kama stima hupiga shoti, alicheka akanionyesha ukuta uliobabuka kando ya kitanda cha watoto. Mama yule hakusema uongo. Aliulizwa kwa lugha isiyokuwa yake, na laiti tungeondoka pale, nyumba yake ingehesabiwa miongoni mwa zilizo salama.

Tunalipa ghali kwa kutouliza. Mnamo Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ilifuata mtaro hadi mtaa wa Sinai, Nairobi. Watu walitoka kuichota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakaangamia. Kwamba bomba lilipita karibu na makazi halikuwa siri. Lakini je, ni nani aliyewauliza wakazi wangefanya nini siku ambayo mafuta yangetiririka bure mlangoni pa watu maskini? Jibu la swali hilo halipatikani katika ramani.

Hali kadhalika shuleni. Katika mkasa wa Kyanguli, Machakos, mwaka wa 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni lililokuwa na mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma. Mwongozo wa usalama wa mwaka wa 2008 ulipiga marufuku vyuma hivyo. Hata hivyo, Septemba 2024 tuliwazika watoto 21 wa Endarasha, Nyeri. Mkaguzi huja kwa nadra, bali mwanafunzi huujua mlango wa bweni lake kila usiku. Mbona basi haulizwi?

Sisemi kwamba mkazi hakosei. Aliyezoea hatari huacha kuiona, na anayechuma kutokana na stima ya wizi hawezi kuifichua. Ndiyo sababu maneno ya mkazi yanahitaji takwimu ya kuyapima, kama vile takwimu inavyohitaji mkazi wa kuisahihisha. Mfano tunao. Mukuru ilipotangazwa kuwa eneo maalumu la upangaji mwaka wa 2017, wakazi, wakiwemo wanachama wa Muungano wa Wanavijiji, walishiriki kukusanya habari za mtaa wenye kaya zaidi ya 100,000. Waliohesabiwa wakawa pia wahesabuji.

Kazi hiyo na ifanywe katika kila wadi, tena irudiwe, kwani kichochoro kilicho wazi leo huenda kesho kikajengwa kibanda. Maswali yaulizwe kwa maneno ya wakazi. Matokeo nayo yasomwe barazani, kila mtu ajue maji yako wapi na njia ya kutokea ni ipi, badala ya kufungiwa kabatini katika ofisi za kaunti.

Wahenga hao hao walituachia methali nyingine: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga hapa ni kijinga cha moto, na maana yake ni kwamba kimoja pekee hakiwaki. Yamkini tumeishikilia methali ya kwanza kwa kuwa haitudai kitu. Hii ya pili inatudai tukae pamoja, mwenye takwimu na mwenye nyumba, kabla ya moto kutukutanisha makaburini.